TRI ya Marekani: hodari kwa kemikali moja, si mizani ya taka zote

Anayetaka kujua kiwanda kikubwa cha kemikali Marekani kinapeleka wapi sumu zake ana mlango mmoja wa bure: TRI (Toxics Release Inventory), sajili ya kemikali za sumu ambazo viwanda huripoti kila mwaka, inayotunzwa na EPA, shirika la serikali la mazingira. Iliwekwa na sheria ya 1986, miaka miwili baada ya gesi ya Bhopal, India, kuua maelfu ya watu, na takwimu zake zinaanzia 1987. Kwa kufuatilia kemikali moja katika kiwanda kimoja, mwaka baada ya mwaka, ni vigumu kupata chombo kinachoizidi. Kwa kupima taka zote za kiwanda, itakupotosha, maana haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Usitafute kwa jina la mji. Freeport, Texas, ina kiwanda cha kampuni ya Dow na ina cha BASF pia, na jina la mji litakuletea mchanganyiko. Tumia namba ya TRI ya kiwanda, yenye herufi na tarakimu 15. Hubaki ileile hata kiwanda kikibadilisha mmiliki. Kisha usiishie kwenye jedwali la muhtasari. Fungua fomu yenyewe, Form R, ambayo kila kemikali ina yake. Vipimo ni ratili (ratili moja ni kilo 0.4536), ila dioksini hupimwa kwa gramu.

Sehemu ya 5 inaonyesha kilichotoka kiwandani hapohapo: mivujo ya vali na viungio, dohani, mto, kisima cha kudungia chini ya ardhi, dampo. Sehemu ya 6 ni kilichopelekwa kwa wengine. Pembeni ya kila kiasi katika sehemu hizi mbili kuna herufi ndogo ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayokuambia namba ilipatikanaje. M ni kipimo halisi, M1 kikiwa cha mfululizo na M2 cha vipindi. C ni hesabu ya kilichoingia kutoa kilichotoka. E ni kigezo cha utoaji, yaani wastani uliochapishwa wa kinachotoka katika shughuli ya aina hiyo, na O ni makadirio ya mhandisi. Sheria hailazimishi kiwanda kupima zaidi ya kile ambacho tayari kinapima, kwa hiyo ukikuta mivujo imeshuka nusu huku herufi ikiwa imehama kutoka O kwenda M2, huenda hewa haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni hesabu.

Angalia pia namba 5, 250 na 750. Kiasi cha chini ya ratili 1,000 kinaruhusiwa kuandikwa kwa mafungu (1–10, 11–499, 500–999), na mfumo huweka namba ya katikati. Ukiona 250 kamili miaka minne mfululizo, hiyo si 250.

Sehemu ya 8, inayojumlisha taka za kemikali hiyo, ndiyo tamu zaidi. Mstari wa 8.9 una uwiano wa uzalishaji wa mwaka huu kwa mwaka jana. Tuseme kampuni inatangaza kwamba taka za toluini, kiyeyusho cha viwandani, zimepungua kwa asilimia 20, na 8.9 inasoma 0.70. Uzalishaji ulishuka hadi asilimia 70, taka zikabaki asilimia 80. Gawanya 80 kwa 70: kila tani ya bidhaa sasa inatoa taka zaidi kwa asilimia 14. Mstari wa 8.8 nao una matukio yasiyo ya kawaida, kama mlipuko au usafishaji wa udongo wa zamani, na hayamo katika 8.1, mstari wa utoaji wa kawaida. Asiyeufungua atadhani mwaka wa ajali ulikuwa mtulivu.

Mtego mkubwa uko kwenye kemikali zinazobadilika jina. Kiwanda kikizimua ratili 100,000 za asidi ya naitriki kwa magadi, fomu ya asidi itaonyesha zote zimetibiwa: safi kabisa. Lakini zimezaliwa kama ratili 98,400 za naitreti, sehemu ya chumvi ya asidi hiyo, ambazo zikimwagwa mtoni zinaonekana kwenye fomu nyingine, ya naitreti. Soma fomu hizo mbili pamoja au usisome kabisa. Metali zimeshughulikiwa vizuri zaidi: risasi haiteketezwi kwa moto, kwa hiyo fomu hairuhusu kuiandika kuwa imetibiwa.

Sasa kuhusu taka zote. Chukua tani 1,000 za tope lenye toluini asilimia 2. TRI inaandika toluini peke yake, tani 20, yaani ratili 44,092. Ripoti ya taka hatarishi, ambayo wazalishaji wakubwa huwasilisha kwa EPA au jimbo kila miaka miwili kufikia Machi 1, inahesabu tope zima, maji yakiwemo. Ripoti ya uendelevu ya kampuni, ikifuata GRI 306 ya 2020, kiwango cha kimataifa cha kuripoti taka, inagawa taka kati ya zilizookolewa na zilizotupwa, na huko taka iliyochomwa ili kupata nishati iko upande wa zilizotupwa. TRI inaiweka kwenye safu yake, nje ya utoaji. Kiyeyusho kilekile, boila ileile, safu tofauti. Hakuna aliyedanganya, ila mwandishi anayeziweka namba hizo kwenye jedwali moja atakuwa amedanganya.

Kuna na wasioonekana. Hawaripoti wenye wafanyakazi chini ya 10 wa muda wote, wala waliotengeneza au kusindika kemikali isiyozidi ratili 25,000 kwa mwaka (10,000 kwa matumizi mengine). Risasi ina kizingiti cha ratili 100, zebaki 10, na PFAS, kemikali za florini zisizooza kwa urahisi, 100. Hadi taarifa za 2023, PFAS iliyokuwa kidogo sana ndani ya mchanganyiko iliweza kuachwa nje ya hesabu. Kuanzia za 2024 haiwezi. Ukikuta PFAS imepanda ghafla mwaka huo, anza kwa kuuliza kama ni mwanya wa kuiacha ndio uliofungwa.

Alama: 4 kati ya 5 kwa anayefungua fomu, 2 kwa anayeishia kwenye jedwali. Fomu za mwaka hufungwa Julai 1 ya mwaka unaofuata, na kampuni inaweza kusahihisha baadaye, kwa hiyo andika tarehe uliyopakua faili.