Niliomba Bhalo, nikapewa theluji

Kibanda changu cha kushona kiko Mwembe Tayari, Mombasa, na redio yangu haizimwi ila stima ikipotea. Kwa hivyo nikiisema stesheni hii, namsema mtu wa nyumbani.

Idd ndogo iliyopita nililala saa tisa usiku nikimalizia kanzu na madira ya watu. Asubuhi wakatangaza: pigeni simu, chagueni nyimbo za sikukuu. Nikapiga. Nikaambiwa nishikilie laini. Nikashikilia mpaka tambi zikaganda sufuriani, salio linayeyuka. Nilipopokewa nikatoa salamu, nikamtakia kijana Idd njema, nikaomba chochote cha Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarabu. Maana Idd yetu ya utotoni ilikuwa halua, vishilingi vya wakubwa, na sauti ya Bhalo ikitoka dirishani kwa jirani.

Kijana akacheka. Kicheko kile cha puani. "Mamangu, hiyo ni ya harusi. Leo tunapiga za sikukuu." Akanikatia! Na mnajua alichoweka? Wimbo wa Bongo, mtu analia ameachwa. Siku ya Idd!

Wallahi ningelisahau. Lakini Disemba ikaingia na kaskazi yake, bati la kibanda linachoma, jasho linataka kudondokea kitambaa cha mteja, na kijana yuleyule akaanza na nyimbo za Kizungu za theluji. Asubuhi theluji, mchana theluji. Ule wa kengele na farasi, Jingle Bells, aliurudia mpaka msichana ninayemfundisha kushona akawa anakanyaga cherehani kwa mwendo wake. Wimbo wenyewe ulichapishwa Marekani mwaka 1857, na ukiufuata neno kwa neno humkuti Yesu wala Krismasi. Ni farasi, kigari na baridi. Sasa nielezeni: farasi ni sikukuu, Bhalo ni harusi?

Wapo watakaonijibu kuwa taarabu si ibada. Sawa. Sikuomba hotuba ya Idd, niliomba wimbo. Na hao wateja wangu Wakristo, ninaowashonea magauni ya Krismasi kila mwaka, theluji wameionea wapi? Wao nawaona ikipigwa kwaya ya Kiswahili ndipo wanasema, fundi, ongeza sauti.

Ila Boney M siwasemi. Ule wao wa mtoto wa Mariamu, wa 1978, ukianza tu, hata mie Mwislamu mkasi unasimama. Huo waupige hata Juni, sina neno.

Niliapa kuhama. Nikahama siku mbili. Huko nilikohamia ni matangazo ya mikopo tangu alfajiri, nikarudi na aibu yangu. Halafu usiku mmoja, yapata saa nne, mtangazaji mwingine, sauti ya mtu mzima, akamweka Zein l'Abdin, mwimbaji mwingine wa taarabu, akipiga udi wake, bila kuombwa na mtu. Wimbo mzima. Hakuingilia hata kutaja saa. Haikuwa Idd, haikuwa Krismasi, ilikuwa siku ya kazi tu, na mie nikasimamisha cherehani nikakaa kama niliyealikwa mahali.

Nilikusudia kuwapa nyota moja. Nawapa tatu, zote za huyo wa usiku. Huyo wa asubuhi, mfungo ukikaribia kwisha akaja kushonesha kanzu, nitamwambia ashikilie laini.