Chaja ya betri tatu za nyuma: nyota nagawa nikiwa bado na hasira

"Bosi, friji yako inakula sana umeme." Hilo ndilo jibu nililopewa na fundi aliyenifungia chaja ya betri za akiba, akiwa ameegemea kaunta, nilipomrudia kulalamika kwamba betri hazijai hata nikiendesha kutwa. Gari liko hapo nje, hatua chache tu, boneti haijafunguliwa, na mtu tayari ana majibu. Nikamwambia friji ni ileile niliyokuwa nayo kwenye gari la zamani, na kule ilikuwa inalala na betri moja mpaka kunakucha. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Hawa watu wa porini bwana, wakishanunua mita tu wanakuwa mainjinia."

Naandika bado nimefura, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Gari langu lina betri moja mbele ya kuwashia na tatu za AGM (betri za risasi zilizofungwa, zisizoongezwa maji) nyuma, kwa ajili ya friji, taa na kuchajia vidudu vidogo vidogo. Zamani nilitumia ile relei, yaani swichi inayojiwasha yenyewe, inayounganisha betri za mbele na za nyuma injini ikishanguruma. Kwa gari la zamani haina shida kabisa, sitaki mtu aidharau. Ila hili nililonalo sasa alteneta yake, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, inaongozwa na kompyuta: ikiona betri ya mbele imeshiba inashusha volti ili kubana mafuta, relei nayo ikiona volti zimeshuka inakata, na betri za nyuma zinalala njaa. Ndiyo maana nikanunua chaja hii, ambayo inapokea volti hizo za chini na kuzipandisha mpaka kiwango ambacho AGM inakitaka. Chaja yenyewe sikuichagua kwa kubahatisha, na mpaka dakika hii sijaona sababu ya kujuta. Karibu sijaona. Nitafika huko.

Safari ya kwanza ya maana baada ya kufungiwa, niliendesha kutwa nzima. Jioni naegesha, naweka mita: betri za nyuma ziko volti 12.2. Kwa AGM hiyo ni nusu ya chaji, baada ya kutwa barabarani! Usiku friji ikajikata yenyewe. Asubuhi nafungua mlango wake, kilichokuwa barafu kimekuwa maji na vilivyokuwa ndani vinaelea.

Nikawasha injini, nikapiga magoti nyuma ya kiti, macho kwenye kitaa cha kijani cha chaja. Kinawaka. Sekunde chache, kinazima. Kimya kidogo, kinawaka tena. Nikapima kwenye betri ya mbele: 14.2, alteneta haina kosa. Nikapima pale waya unapoingia kwenye chaja. Kitaa kikizima, 14 na ushee. Kikiwaka, namba zinaporomoka mbele ya macho yangu mpaka 12 na nukta, chaja inajikata kujilinda, volti zinapanda, nayo inadhani mambo shwari na kuanza upya. Kutwa nzima ilikuwa inafanya mchezo huo huku mimi nikijisifu njiani kwamba betri zinajaa.

Nikaushika waya. Wa moto. Nikabandua ile tepu waliyoizungushia kwa mbwembwe, nikasoma maandishi: 4 mm². Nne! Kutoka mbele hadi nyuma ni kama mita tano, na ethi, yaani upande wa hasi, wameirudisha kwa waya wa unene uleule. Chaja inayotoa ampea 40 inavuta karibu 50 upande wa kuingilia, maana hizo volti inazopandisha hazitoki hewani. Kwenye waya wa namna hiyo, kwenda na kurudi, zaidi ya volti 2 zinaishia njiani. Ni kumnywesha ng'ombe kwa mrija.

Halafu fyuzi. Hapa ndipo nyongo ilipopanda hasa. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, si kukilinda kifaa. Hawa jamaa wameweka ya ampea 60 kwenye waya ambao ungeanza kuyeyuka kabla fyuzi haijashtuka, tena wameiweka upande wa chaja. Kwa hiyo zile mita tano zote kutoka kwenye betri ya mbele, zikipita chini ya zulia karibu na miguu ya abiria, hazina ulinzi wowote. Waya ungechubuka popote pale na kugusa bodi, tungekuwa tunazungumza mengine.

Hizo betri tatu nazo, chanya na hasi zote zimechukuliwa kwenye betri ya kwanza. Ukiunganisha betri sambamba unachukua chanya upande mmoja na hasi upande wa mwisho, ili zote zijazwe na kunyonywa sawasawa. Wao wameifanya ya kwanza mtumwa na ya tatu mgeni mwalikwa. Wala sitarefusha hapo.

Nikarudi na haya yote, mita mkononi, nikakutana na lile jibu la friji. Niliomba aje aone tu. Akasema, "Waya ndio huohuo tunaomfungia kila mtu, hajalalamika mtu." Kwa sauti ya kutosha wateja wengine wasikie.

Basi nimeng'oa kila kitu. Nimevuta waya wa 25 mm², fyuzi ya ampea 60 ileile sasa iko kiganja kimoja tu kutoka betri ya mbele, chaja nimeihamishia pembeni ya betri za nyuma. Kitaa kinawaka na kutulia. Betri zinapokea 14.4 bila kuyumba, friji inapitisha usiku. Kwa hiyo chaja ningeipa nyota nne, tano kasoro kidogo.

Sasa hicho kidogo. Kama kifaa kina akili ya kujua kwamba volti zinaanguka kila kikianza kazi, kwa nini kinapepesa kitaa cha kijani? Kijani! Kijitabu chake kinasema kijani ni "inachaji", basi. Hakuna mstari mmoja juu ya unene wa waya, ila ukurasa mzima wa kutuonya tusikilambe. Nyota tatu. Na nikikumbuka yale maji ya kwenye friji, mbili na nusu.

Wale wafungaji sina nyota ya kuwapa. Juzi wameniambia kwenye simu kwamba dhamana imekufa kwa sababu nimegusa kazi yao. Kazi yao ninayo hapa kwenye mfuko wa plastiki, imekunjwa, gamba limelainika sehemu mbili. Waifuate.