Kupeleka watoto wa shule kuangalia maigizo Bagamoyo: inalipa, ila mgeni rasmi abaki kwake

Walimu wenzangu mnaopanga safari za darasa, naandika hii kwa sababu kabla hatujaenda nilitafuta sana maelezo nikakuta yote ni ya watalii, hakuna hata moja la mtu mwenye mabasi mawili ya watoto wa la pili na la tatu ambao kila mkipita kituo cha mafuta kuna anayetaka kushuka choo.

Tulikwenda kwa kikundi kimoja cha vijana pale Bagamoyo wanaoigiza kwa ajili ya shule, asubuhi, siku ya kazi. Jina naliacha maana nina ya kuwasema, halafu vikundi vya aina hii pale mjini vipo kadhaa. Si ajabu, chuo kipo hapohapo, kilianza 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa na 2007 kikawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kuna wanaomaliza masomo wakabaki mjini wanajitafutia riziki kwa kazi hiyohiyo waliyosomea. Msichanganye lakini, hatukuwa kwenye ule ukumbi mkubwa wa TaSUBa uliojengwa baada ya wa zamani kuungua 2002. Hawa wanacheza uani, chini ya miembe, mikeka mbele kwa watoto na mabenchi nyuma kwa walimu. Mwenzangu mmoja akaanza kunung'unika tumepunjwa, mbona hakuna jukwaa wala taa. Mimi nasema kwa watoto wa umri ule uani ni bora mara kumi, kwa sababu ukumbi mkubwa unataka maiki, na mwigizaji akishika maiki mtoto haangalii tena uso wake, anabaki kutafuta sauti inatokea spika gani.

Mchezo wenyewe ni ile hadithi ya sungura na kisima. Ukame umeingia, wanyama wote wanachimba kisima, sungura anagoma kuchimba, usiku anakuja kunywa na kuoga humohumo, mpaka kobe anapakwa ulimbo mgongoni na sungura ananasa. Watoto wengi wameshaisikia kwa bibi zao na ndo utamu ulipo, anayejua anataka kumwambia asiyejua, yaani kelele ilianza tangu "hadithi hadithi" ya kwanza, wakaitikia "hadithi njoo" mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Wakagawiwa kwa mikeka, mkeka huu tembo, ule swala, ule nyani, wote wakachimba kwa wimbo, walimu nao tukaambiwa ni vifaru tukachimba, sketi na yote.

Sasa sikilizeni hapa. Sungura akaja kwa watoto kunong'ona, jamani, nina kiu, kuna mlinzi hapo kisimani? Nusu wakapiga kelele yupo, nusu hayupo, ukawa ubishi, waigizaji wakatulia wakaacha ubishi uende. Katikati ya hiyo kelele kijana wetu mmoja wa la pili akanyanyuka, akavuka mikeka, akampelekea sungura chupa yake ya maji ili asiende kuiba. Yaani mchezo mzima ungeweza kuishia pale! Mwigizaji asiyejua kazi angemrudisha mtoto akakae. Huyu akapokea kwa mikono miwili, akafungua, akanywa kidogo, akarudisha kifuniko, akasema asante sana ndugu yangu. Halafu akatugeukia wote, "Haya, ya kunywa nimepata. Ya kuoga je?" Uwanja mzima ulianguka kicheko na hadithi ikaendelea kama vile ilikuwa imeandikwa hivyo. Kwa hilo tu mimi nauli yangu imerudi. Kwenye televisheni mtoto anaweza kumpa sungura maji mpaka kesho, sungura hamuoni.

Fisi alitisha kupita kiasi, hilo niseme. Kinyago kikubwa na sauti nzito, wadogo wawili watatu walilia, mmoja akang'ang'ania gauni la matroni. Ila alishtuka mwenyewe, akasogea pembeni akavua kinyago wakaona ni kaka tu anatoka jasho, wakanyamaza. Mkiwa na chekechea waombeni fisi ajitambulishe bila kinyago kabla ya kuanza.

Baada ya mchezo wanawaonyesha watoto vyombo, na hii sehemu msikubali ikatwe hata kama mmechelewa. Ngoma, kayamba, njuga za miguuni, na kijana mmoja akapiga zeze na marimba kwa mtindo wa Kigogo. Kwa wasiojua, Mzee Hukwe Zawose, yule mwanamuziki maarufu wa Kigogo aliyefariki 2003, aliishi na kufundisha hapohapo Bagamoyo, kwa hiyo ule mlio haukufika pwani kwa bahati mbaya. Watoto waliruhusiwa kugusa, wakapanga foleni bila kuchapwa wala kufokewa, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye mstari wa uji.

Sasa lawama. Tuliambiwa saa tatu na nusu, tumeanza karibu saa nne na nusu, kisa eti tunamsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi wa nini jamani? Watoto wamekaa juani, maji yanaisha, spika zinapigwa singeli kuwachangamsha, wamechangamka kweli, mpaka mchezo unaanza nusu wameshachoka kuruka. Mgeni akafika, itifaki ikazingatiwa, akahutubia watoto wa miaka nane kuhusu fursa kwenye sekta ya sanaa. Mkipiga simu kufanya bukingi ulizeni wazi, siku hiyo kuna mgeni? Kama yupo badilisheni siku. Halafu vyoo, viwili tu na kimoja hakina maji. Pelekeni watoto kwa mafungu mara mnapofika, msisubiri mpaka katikati ya mchezo.

Lingine si kosa la kikundi, ni la hawa wanaouza safari kwa paketi, Kaole, Ngome Kongwe, ufukweni, halafu maigizo saa tisa mchana. Shule ya jirani walienda hivyo, watoto walifika kwenye mchezo wamelala. Magofu ya Kaole ni mazuri, misikiti na makaburi ya kuanzia karne ya 13, ila hayo mpelekeni la tano na la sita wanaosoma historia. Wadogo maigizo kwanza, asubuhi, wakiwa na nguvu, mkimaliza wale chakula warudi zao. Kutoka Dar ni kama kilomita 70, ila foleni ya Tegeta na Bunju jioni mnaijua wenyewe.

Bei ilikuwa elfu tatu kwa mtoto, walimu na matroni bure, basi la kukodi ndo linalokula hela, kwa hiyo jazeni mabasi, unganeni na shule nyingine ikibidi. Vitafunwa tulibeba wenyewe, maandazi na juisi ya ubuyu, msibebe soda, na kila mtoto awe na chupa yake ya maji yenye jina. Fomu za wazazi zianze kukusanywa mapema, kuna mzazi atakwambia maigizo ni kupoteza muda wa masomo, huyo mwambieni watoto wakirudi wataandika insha, na kweli waandikisheni. Zetu zilijaa sungura mpaka karatasi za nyongeza.

Nyota nne kati ya tano. Tutarudi na la kwanza, nimeshaomba tarehe isiyo na mgeni.