Saa ya Mkono Inayomfaa Mwenyewe: Aina Tano, Kuanzia ya Kwanza Hadi ya Mwisho

Mtu anayeulizia saa ya kununua huanza na jina la kampuni, na muuzaji naye humjibu kwa majina ya kampuni, hata mazungumzo yakaisha bila yeyote kuutazama mkono utakaoivaa. Ningependa tuanzie kwingine. Kila saa ina madai yake kwa mwenyewe: moja hutaka betri mpya kila baada ya miaka miwili au mitatu, nyingine hutaka ivaliwe kila siku la sivyo husimama, nyingine hutaka chaji kila usiku, na ipo ambayo haitaki karibu chochote ila mwanga. Saa inayomfaa mtu ni ile ambayo madai yake atayatimiza bila kunung'unika, na ambayo ukubwa wake haumlazimishi aivue kila anapokaa mezani kuandika. Kwa kipimo hicho nimezipanga hapa aina tano, nikimfikiria mnunuzi anayetaka saa moja tu ya kuvaa siku zote, wala si mkusanyaji mwenye sanduku zima.

Kabla ya kufika kwenye aina, pima mkono. Zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, kisha uulaze uzi huo juu ya rula. Mkono wenye mzingo wa sentimita 16 hadi 18 kwa kawaida hupatana na saa yenye kipenyo cha milimita 36 hadi 40, lakini kipenyo hicho kinachotangazwa kwenye matangazo yote hudanganya mara nyingi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni urefu kutoka ncha ya juu inayoshika mkanda hadi ncha ya chini, kwa sababu ncha hizo zikizidi upana wa mkono, saa hukaa kama sahani juu ya kikombe. Niliwahi kununua saa ya milimita 44 kwa kuwa pichani ilionekana ya heshima. Ufunguo wake wa pembeni, ule wa kurekebishia mishale, ulinichoma mgongo wa kiganja kila nilipoegemea meza, nami baada ya wiki tatu nikaona alama nyekundu ya duara dogo pale ulipokuwa ukigusa. Unene nao usisahauliwe, kwani saa iliyozidi milimita 13 hivi hukwama kwenye pindo la shati la mikono mirefu, na mwenye shati ndiye atakayehangaika kuichomoa.

Nafasi ya kwanza naipa saa ya mishale inayojichaji kwa mwanga. Chini ya uso wake kuna kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na uso wenyewe hutengenezwa kwa namna ya kupitisha mwanga bila kipande hicho kuonekana. Umeme huo huhifadhiwa katika betri ndogo inayochajiwa tena na tena, na saa nyingi za aina hii, zikishajaa, huweza kwenda gizani kwa takriban miezi sita. Citizen, kampuni ya Japani, ilitoa saa ya mishale ya mwanga tangu mwaka 1976, kwa hiyo huu si ufundi wa juzi uliojaa majaribio. Mwanga wa taa za ndani nao huichaji, ila polepole sana kuliko jua la dirishani. Chaji inapokaribia kwisha, saa nyingi za namna hii hutoa ishara: mshale wa sekunde huacha kwenda hatua moja moja na kuanza kuruka sekunde mbili mbili. Niliiona ishara hiyo mara moja tu, baada ya msimu mzima wa kuvaa koti lenye mikono mirefu, na kuilaza saa dirishani kuliimaliza kazi. Udhaifu wake ni kwamba haipendi kufungiwa kabatini mwaka mzima, na betri yake nayo itachoka siku moja, ingawa siku hiyo huwa mbali sana.

Inayofuata ni saa ya kawaida ya betri yenye mishale, ambayo ni ndugu wa damu wa hiyo ya kwanza. Ndani ya zote mbili mna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi ambacho, kikipitishiwa umeme, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo huonekana ya ajabu mpaka uigawanye kwa mbili mara kumi na tano, ukapata moja kamili, nayo ndiyo hatua moja ya mshale wa sekunde. Seiko ndiyo iliyouza saa ya mkono ya kwanza ya namna hii, tarehe 25 Desemba 1969, na tangu hapo usahihi uliokuwa fahari ya wachache umekuwa wa kila mtu, kwa maana hata ile ya bei ya chini kabisa aghalabu haipotezi wala kuongeza zaidi ya sekunde 15 hivi kwa mwezi. Kama bei ndiyo inayokubana, nunua hii bila aibu.

Tatizo lake halipo kwenye saa bali kwenye siku ya kubadilisha betri. Mfuniko wa nyuma hukalia pete nyembamba ya mpira, nyembamba kuliko tambi, na pete hiyo ndiyo inayozuia maji. Fundi mmoja aliyekuwa na haraka aliwahi kunirudishia saa yangu pete ikiwa imebanwa upande mmoja na kuchomoza upande wa pili, mimi nisigundue. Siku ya pili nilipoosha vyombo kwa maji ya moto, ukungu ulitanda ndani ya kioo, ukaanzia pale penye namba nne na kupanda taratibu, na kufikia jioni mshale wa sekunde ulikuwa umesimama. Tangu hapo humwomba fundi anioneshe pete kabla ya kufunga. Vilevile betri iliyokwisha isiachwe ndani ya saa iliyowekwa tu, kwa kuwa huweza kuvuja na kula mitambo.

Saa ya namba yenye mkanda wa plastiki iko nafasi ya tatu, na najua wapo watakaonilaumu kwa kutoiweka ya kwanza. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo bado inatengenezwa, ina uzito wa gramu 21 na betri inayotajwa kudumu miaka saba. Ni vigumu kutaja chombo kingine kinachodai machache kiasi hicho. Kwa mwenye kazi ya nyundo, spana au jembe, ndugu yake mnene zaidi, G-Shock ya mwaka 1983, hufaa kuliko saa zote zilizomo katika mwongozo huu. Mhandisi Kikuo Ibe aliianza kazi hiyo baada ya saa aliyopewa na babake kuanguka na kuvunjika, akajiwekea shabaha tatu: istahimili kuanguka kutoka mita 10, shinikizo la maji la baa 10 (kama la kina cha mita 100), na betri ya miaka 10. Kinachoishusha aina hii katika orodha yangu ni mkanda, ambao baada ya miaka hukauka na kukatika kwenye tundu lile lile linalotumika kila siku, na mara nyingine umbo lake ni la pekee kiasi kwamba mkanda wa saa nyingine haukubali. Tena katika zile za bei ya chini namba hufifia kwenye mwanga hafifu, ukalazimika kutumia mkono wa pili kubonyeza taa.

Sasa ile inayopendwa kwa moyo: saa ya kamani, yaani utepe wa chuma uliokazwa ndani yake, hasa inayojijaza yenyewe. Haina betri. Kipande kizito cha nusu duara huzunguka kila mkono unapotikisika, nacho huikaza kamani, na kamani ikijifungua polepole husukuma gia mpaka kwenye gurudumu dogo linalokwenda na kurudi. Katika saa nyingi za kisasa gurudumu hilo hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde, na ndiyo maana mshale wake wa sekunde huonekana kuteleza badala ya kuruka. Ukiisogeza sikioni usiku, utasikia sauti nyepesi ya haraka kama mdudu anayekwaruza karatasi. Sijakutana na saa ya betri inayonifanya niisogeze sikioni.

Hata hivyo madai yake ni mengi, na muuzaji huyataja machache. Taasisi ya Uswisi ya kupima saa, COSC, hutoa cheti kwa mtambo ambao wastani wake kwa siku haupungui zaidi ya sekunde 4 wala kuzidi zaidi ya sekunde 6. Yaani hata iliyofaulu mtihani mgumu huachwa mbali na saa rahisi ya betri, na ile isiyo na cheti yaweza kupotoka sekunde 20 kwa siku bila kuhesabiwa mbovu. Nyingi huishiwa nguvu baada ya saa 40 hivi, hivyo ukiivua Ijumaa jioni utaikuta imesimama Jumatatu asubuhi, nawe utaanza kurekebisha muda na tarehe. Tarehe yenyewe usiibadilishe kwa ufunguo kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu wakati huo gia za tarehe zimeanza kushikana na kulazimishwa huweza kuzivunja meno. Usiilaze karibu na spika wala juu ya kava la simu lenye sumaku, la sivyo itaanza kwenda mbio. Baada ya miaka mitano hadi kumi itahitaji kufunguliwa yote, kusafishwa na kutiwa mafuta, na kwa saa ya bei nafuu gharama hiyo yaweza kukaribia au kupita bei ya saa yenyewe. Kwa mwenye saa moja, nafasi ya nne inaitosha. Kwa yule anayefurahi kuijaza kila asubuhi kama anavyofurahia chai yake, orodha hii haimhusu, naye anunue.

Ya tano ni saa janja. Kama unahitaji kupimwa mapigo ya moyo au kupata ujumbe bila kutoa simu mfukoni, hakuna mbadala wake. Lakini Apple Watch, kwa mfano, ilitoka mwaka 2015 ikiahidi saa 18 kwa chaji moja, na ingawa zipo nyingine zinazokaa siku kadhaa, zote hufuata umri wa programu zake. Ikifika siku kampuni inaacha kuihudumia, mkononi hubaki kioo. Inunue kama unavyonunua simu.

Lolote utakalochagua, soma maandishi ya nyuma kuhusu maji, kwa kuwa hapo ndipo wengi huponzwa. Mita 30 haimaanishi kuzama mita 30. Ni shinikizo lililopimwa kiwandani, saa ikiwa mpya na imetulia, na katika matumizi ya kila siku linatosha kwa mvua na kunawa mikono tu. Mita 50 huvumilia kuogelea kwa utulivu, mita 100 ni kwa anayeogelea mara kwa mara, na mzamiaji atafute saa iliyotengenezwa kwa kanuni ya ISO 6425, inayotaka angalau mita 100 pamoja na vipimo vingine vikali. Maji ya moto na sabuni huchosha mpira, kwa hiyo usioge nayo hata kama namba zinakupa ujasiri.

Kioo kina ngazi tatu. Cha plastiki huchubuka upesi lakini michubuko yake hung'arishwa ikaisha. Cha kawaida kilichoimarishwa huchubuka kwa shida, ila kikichubuka ndiyo basi. Cha yakuti ya kutengenezwa karibu hakichubuki, ingawa pigo kali la ukingoni huweza kukipasua. Kama nina nyongeza kidogo ya kutumia, huiweka kwenye yakuti kabla ya kuiweka kwenye jina. Ngozi inayowashwa na chuma itafute titani, ambayo pia ni nyepesi kwa zaidi ya theluthi moja kuliko chuma cha pua. Upana wa mkanda uwe wa namba nzima iliyozoeleka, milimita 18, 20 au 22, ili mkanda ukichakaa upate mwingine popote.

Ukiwa dukani, usiitazame saa ikiwa juu ya mto wake wa sanduku. Vuta ufunguo, zungusha mishale mzunguko mzima, uone kama tarehe inaruka sawasawa na kama mshale wa dakika unatua juu ya alama badala ya kati ya alama mbili. Ifunike kwa kiganja uone rangi ya gizani inavyosomeka. Kisha ivae, funga bizimu mpaka kidole kidogo kipite kwa shida chini ya mkanda, na umwulize muuzaji habari nyingine zisizohusu saa kwa dakika kumi. Mkono wako wa pili ukienda wenyewe kuisogeza, ivue na uombe uoneshwe ndogo yake.