Kipimo cha CrAg cha IMMY katika maabara za Nyanda za Juu Kusini

Kwa maabara za mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya, inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, sioni kipimo cha fangasi chenye manufaa kuliko mkanda wa CrAg (kifupi cha antijeni ya kriptokokasi, yaani chembe za fangasi zinazoweza kugunduliwa kwenye damu) unaotengenezwa na kampuni ya IMMY ya Marekani. Mkanda huu hubaini Cryptococcus neoformans, fangasi wa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, ambaye huvutwa pamoja na hewa na kuleta homa ya uti wa mgongo kwa watu ambao CD4 zao, yaani seli za kinga zinazoharibiwa na VVU, zimeshuka sana.

Matumizi yake ni mepesi. Unadondosha tone moja la kimiminika kinachokuja na boksi, unaongeza mikrolita 40 za seramu (majimaji ya damu) au za maji ya uti wa mgongo, unasimamisha mkanda ndani yake, kisha unasoma jibu baada ya dakika 10. Mistari miwili ni chanya, hata kama mmoja umefifia kiasi cha kukulazimu kuusogeza dirishani, na hapo ndipo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huyumba. Wino wa India, rangi ya kumwonyesha fangasi kwenye maji ya uti wa mgongo, tuliokuwa tukiutegemea, unadai hadubini na jicho lililozoea, hukosa wagonjwa wenye fangasi wachache, na mgonjwa lazima kwanza achomwe sindano ya mgongoni. Mkanda huona dalili za fangasi ndani ya damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Uwezo huo wa mkanda una asili yake katika vinasaba vya fangasi. Kingamwili zilizopakwa kwenye mkanda hunasa sukari ya ganda linalomzunguka fangasi, na ganda hilo ndilo silaha yake. Kyung Joo Kwon-Chung, mtafiti mzaliwa wa Korea aliyefanya kazi miaka mingi katika taasisi za taifa za afya za Marekani, alieleza mwaka 1975 jinsi fangasi huyu anavyozaliana kwa kujamiiana, jambo lililowawezesha watafiti kumpandisha na kufuatilia urithi wa tabia zake. Mwaka 1994, yeye na mwenzake walionyesha kwamba jeni ya CAP59 ikiondolewa, ganda hupotea na fangasi hashindi tena panya. Jeni ikirudishwa, ukali nao hurudi. Kwa maneno mengine, mkanda unatafuta kitu ambacho fangasi hawezi kukiacha akabaki hatari.

Faida yake kwa wagonjwa imepimwa. Katika utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliochapishwa mwaka 2015, kupima CrAg pamoja na kuwatembelea wagonjwa nyumbani walipoanza dawa za VVU kulipunguza vifo kwa asilimia 28.

Kasoro zipo. Maelekezo yanataka vifaa na sampuli viwe kwenye joto la kawaida la chumba, na aliyeandika hivyo hakuwahi kufungua maabara Makete, wilaya ya baridi kali mkoani Njombe, asubuhi ya Julai. Lililo zito zaidi ni kwamba antijeni ikizidi mno jibu linaweza kusomeka hasi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye shingo ngumu, dalili ya homa ya uti wa mgongo, na jibu hasi, sampuli yake izimuliwe na kupimwa upya. Vilevile, mkanda hubaki chanya muda mrefu baada ya matibabu, hivyo usitumike kuamua kama mgonjwa amepona.