Ziara ya uwanja wa vita wa Tanga: nzuri, ila picha ya rashasha ibadilishwe

Ziara ya miguu inayoongozwa na kijana mmoja wa hapa Tanga, kuanzia Ras Kasone hadi stesheni ya reli, inastahili kila shilingi anayotoza, kwani haikomei kwenye habari za nyuki waliowashambulia wanajeshi katika mapigano ya hapa ya Novemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, bali inaeleza jinsi askari wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walivyowarudisha baharini watu wapatao 8,000 wa Jenerali Aitken wa Uingereza.

Kilichonivutia zaidi ni viroba viwili vya mchanga. Kikubwa, chenye zaidi ya kilo 60, huinuliwa na wageni wanne kwa kusaidiana, nacho ni uzito wa rashasha ya Maxim ikiwa juu ya fremu yake ya chuma, silaha iliyopozwa kwa maji na kulishwa kwa mkanda wa kitambaa wenye risasi 250. Ukishakiinua huhitaji tena kuelezwa kwa nini wapagazi walikuwa wa lazima katika vita vile. Kidogo ni cha kilo 18, uzito wa MG 08/15 kabla ya kutiwa maji, rashasha nyepesi ambayo Wajerumani waliiunda chini ya Kanali von Merkatz kwa kuipunguza Maxim: fremu iliondolewa, ikawekwa miguu miwili, kitako cha mbao, na mkanda wa risasi 100 ndani ya kasha la duara. Mitambo ya ndani ilibaki ileile, kwa sababu viwanda na wapiganaji walikuwa wameshaizoea, na mwongozaji analieleza jambo hili vizuri sana.

Kasoro ni moja, nayo si ndogo. Tukiwa karibu na reli alituonyesha picha ya MG 08/15 akisema ndiyo iliyofyatuliwa pale mwaka 1914, ilhali silaha hiyo ilianza kuenea kwa wapiganaji mwaka 1917, tena katika medani za Ulaya. Nilimweleza pembeni, akapokea kwa heshima, nami natumaini ataiondoa, kwa sababu mgeni huondoka akiamini alichokiona.

Ningependa pia aongeze kiroba cha tatu, cha kilo 9, ambao ni uzito wa Madsen, rashasha nyepesi ya Denmark, iliyokuwa imekubaliwa jeshini tangu mwaka 1902, ili wageni wapime kwa mikono yao namna Wajerumani walivyochagua uzito mara mbili kwa ajili ya mitambo waliyoizoea.