Nimetumia GOV.UK Design System kutengeneza fomu ya maoni ya bajeti ya kaunti, huu ndio uzoefu wangu

Nianze na jibu manake najua wengine mnataka kujua tu inafaa ama haifai: inafaa, tena sana, hata kama hauko Uingereza na hata kama wewe si serikali. Mimi niko na kikundi cha kijamii huku Pwani, tunawasaidia watu kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Hii haki iko kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 10 na cha 196, bunge la kaunti lazima liwashirikishe wananchi, lakini ukiangalia njia yenyewe ya kushiriki mara nyingi ni tangazo kwa gazeti, PDF ndefu ya kiingereza kigumu na mkutano kwenye ukumbi ambao nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya unga. Sisi tulitaka fomu ya simu, mtu asome pendekezo kwa ufupi, aseme lake, amalize aendelee na kazi zake.

Kwa wasioijua, serikali ya Uingereza iliunda idara yake ya huduma za kidijitali, GDS, mwaka 2011, Oktoba 2012 wakafungua GOV.UK ikachukua nafasi ya tovuti za Directgov na Business Link, halafu 2018 wakatoa hii Design System. Ni mkusanyiko wa vipande vya tovuti vilivyo tayari, vitufe, visanduku, ujumbe wa makosa, ukurasa wa kuhakiki majibu, na kila kimoja kina maelezo ya lini ukitumie na lini ukiache. Ni bure kabisa, leseni ya MIT, unachukua unaenda. Sharti kubwa ni usiweke nembo yao ya taji wala ile fonti ya GDS Transport kama tovuti yako si ya gov.uk, kwa hivyo unaweka Arial unatoa nembo, kazi ndogo sana hiyo.

Sasa, vitufe na rangi unaweza kupata popote. Kilichonifanya nikae nayo ni maelezo, manake hawakwambii tu fanya hivi, wanakwambia walijaribu na watu wakaona nini. Mfano ile menyu ya kubonyeza ikafunguka orodha ndefu ya kuchagua, ambayo kila divelopa anaikimbilia akiwa na orodha ya wadi. Wao wanasema kwa huduma ya umma iwe chaguo la mwisho kabisa kwa sababu utafiti wao ulionyesha watu wengine inawapa shida kubwa. Nikajiuliza basi wadi tunaziwekaje? Kenya ina wadi 1,450 na maeneo bunge 290, yaani kila eneo bunge ni wastani wa wadi tano, kwa hivyo ukimuuliza mtu kwanza eneo bunge, ukurasa unaofuata anaona wadi zake chache tu na viduara vikubwa vya kugusa. Tulipoenda kujaribu sokoni kuna mama muuza samaki alikuwa na simu ya skrini ndogo iliyopasuka kona, anatumia Opera Mini kuokoa bando, na fomu nyingine ya maoni tuliyokuwa tumempa kabla ilikuwa inamletea ukurasa mweupe. Hii yetu ilifunguka, akagusa wadi yake kwa kidole gumba mkono mwingine umeshika kisu, akaendelea. Ilifunguka kwa sababu kurasa zimejengwa zifanye kazi hata JavaScript, ile programu inayoendesha mambo ndani ya ukurasa, isipowaka, na kwa simu za watu wetu hilo ni jambo kubwa jamani.

Halafu kuna ule utaratibu wa swali moja kwa ukurasa. Mwanzoni mtu anaona kama kurasa zitakuwa nyingi mno, lakini kwa intaneti ya kukatika katika ni afadhali mara mia, ukurasa mwepesi unafunguka haraka, jibu unalihifadhi hatua kwa hatua, mtandao ukipotea mtu hapotezi kila kitu, na ukikosea unaambiwa umekosea wapi na urekebishe vipi, si ile ya "data si sahihi" halafu unatafuta mwenyewe. Kwa namba za simu wanasema mwache mtu aandike vile amezoea, na nafasi katikati, na +254 au bila, wewe mwenye mfumo ndio ujipange. Wenye laini za 01 mnanielewa, manake hizo namba zimekuwepo tangu 2019 na bado kuna fomu zinazikataa eti lazima ianze na 07.

Lakini nikiulizwa ni kitu gani kimoja kimenisaidia zaidi, ni ile kanuni yao kwamba kila swali lazima ujue unaliuliza kwa nini, nani atatumia jibu, na atalitumia kufanya nini. Afisa mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi alitaka fomu iwe na majina matatu, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kazi, dini, halafu ndio maoni. Tukakaa chini tukaandika kila swali na jina la mtu atakayelitumia. Kwa kitambulisho hakukuwa na mtu. Kwa dini hakukuwa na mtu. Ukimwambia mwananchi aseme zahanati imekosa dawa na barabara ya mwaka jana haikujengwa, halafu umuombe namba ya kitambulisho kwanza, anafunga simu, na ana haki ya kuogopa. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yenyewe inataka ukusanye kile unachohitaji tu. Tukabaki na wadi, maoni, na namba ya simu kwa anayetaka kujibiwa peke yake. Ubishi uliisha kwa sababu tulikuwa na mwongozo ulioandikwa na kutumiwa na serikali ya Uingereza, si maneno ya vijana wa kikundi. Kwa hili pekee ningewashauri hata watu wasiojua kuandika programu wausome.

Ukurasa wa kuhakiki majibu ulitusaidia kwa njia ambayo nadhani hata wao hawakuipanga. Huku kwetu mambo ya serikali mtandaoni watu wengi wanafanyiwa saiba, unaenda na karatasi zako kijana anakujazia, na wewe huoni ameandika nini. Sasa kabla ya kutuma kuna orodha ya majibu yote na kila moja lina "badilisha" pembeni yake, kwa hivyo tukaongeza mstari mmoja juu kabisa, kama unamjazia mtu mwingine msomee haya majibu kabla ya kutuma. Nikamwona mzee mmoja anasomewa, akasema hapana, mimi nimesema kisima, sikusema bomba, ikarekebishwa pale pale. Mwisho linakuja lile boksi la kijani na namba ya kumbukumbu, watu wanalipiga picha, wanaondoka na ushahidi mkononi.

Na kabla ya kujenga chochote tumia Prototype Kit yao. Inakaa kwenye laptop yako na programu ya Node.js, haihitaji intaneti ikishawekwa, unatengeneza kurasa zinazofanana na za kweli, usiku unabadilisha swali asubuhi uko nayo sokoni. Ila ni ya majaribio tu, usije ukaiweka hewani kukusanya maoni ya watu.

Shida zake. Kiswahili hakimo, utaandika kila neno mwenyewe, na uwe makini na maneno yaliyofichwa yanayosomwa na programu za wasioona, mfano kila ujumbe wa kosa una "Error" isiyoonekana kwa macho, usipoibadilisha kwenye mipangilio, mtumiaji asiyeona atasomewa kiingereza katikati ya kiswahili. Mwongozo wa anwani umejengwa juu ya namba za posta za Uingereza, sisi tunaelekezana kwa msikiti na shule, hapo ruka tu. Na USSD, zile menyu za *nyota na reli# zisizohitaji intaneti, hakuna, kwa hivyo mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, bado yuko nje, kwake tunatuma mtu na karatasi na hiyo inagharimu.

Kubwa zaidi ni kwamba imetengenezwa kwa huduma, omba leseni, lipa, badilisha anwani, haijatengenezwa kwa mjadala. Inakufikisha mpaka maoni yametumwa, basi. Kwa yanayofuata nilienda kuangalia Decidim, mfumo wa mtandaoni wa kushirikisha wananchi, ile ya Barcelona iliyoanza 2016, ambapo wananchi walitoa mapendekezo zaidi ya 10,000 kwenye mpango wa jiji, na mfumo unaruhusu kila pendekezo lijibiwe hadharani, limekubaliwa, limekataliwa, ama linachunguzwa. Inapendeza sana, lakini inataka seva na mtu anayejua Ruby on Rails wa kuitunza, kikundi kama chetu hakiwezi. Tulichofanya ni kuchukua wazo, tukaweka ukurasa mwepesi wenye vipande vya GOV.UK, unaandika namba yako ya kumbukumbu unaona maoni yako yako wapi na sababu ni gani kama yamekataliwa. Kuujenga ulikuwa rahisi, kazi iko kwenye kupata afisa wa kuandika hizo sababu, na bila yeye mwakani watu hawatajaza tena. Mtu akiwauliza mnataka kuboresha nini kwenye fomu zenu, anzeni na hapo, mjue jina la huyo afisa kabla hamjafungua laptop.

Design System naipa nne kati ya tano. Maneno ya kiswahili tuliyoandika kwa ujumbe wa makosa na kurasa za kuhakiki tunayagawa bure, na kama kuna mtu ameshafanya ya kigiriama ama kidigo naomba tubadilishane.